Deni la Unoka na Neno "Ujima"

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msomaji wa riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart (1958), ambayo Clement Ndulute aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina Shujaa Okonkwo, atakumbuka kwamba Unoka, babake Okonkwo, hakukosa daftari. Daftari lake lilikuwa ukuta wa nyumba yake. Jirani yake Okoye anapomwendea kumdai kauri 200, Unoka anaangua kicheko, kisha anamwonyesha mistari ya chaki iliyochorwa ukutani. Kila kundi la mistari ni mdai mmoja, na kila mstari ni kauri 100. Miongoni mwa wadai hao yumo anayemdai kauri 1,000. Unoka anaeleza kwamba atalipa madeni makubwa kwanza kabla ya kuyafikiria madogo. Okoye anaondoka mikono mitupu.

Aghalabu sehemu hii husomwa kama kichekesho kinachomsawiri Unoka kuwa mzembe na mlimbikizaji wa madeni. Usomaji huo ni sahihi, ila haujakamilika. Hebu tutue kidogo tujiulize: jamii yenye fedha inayohesabika kwa mamia na maelfu, yenye kukopesha na kukopeshana, yenye mdai anayevumilia zaidi ya miaka miwili na mdaiwa anayeyapanga madeni yake kwa ukubwa, ni jamii ya namna gani? Katika insha, tasnifu na mihadhara yetu mingi, jibu huwa tayari hata kabla ya swali kuulizwa. Huambiwa kwamba Afrika kabla ya ukoloni ilikuwa katika "enzi ya ujima", kwamba watu waliishi kwa "uchumi wa kujikimu", na kwamba biashara, pale ilipokuwapo, ilikuwa ya kubadilishana bidhaa kwa bidhaa.

Rai ya makala haya ni kwamba maelezo hayo, yanapotumiwa kuhusu Afrika Magharibi, si ya kweli, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kuyaacha. Lugha yetu ilikulia bandarini na sokoni. Ina maneno ya kueleza mikopo, rehani, udalali, ushuru na mizani. Inakuwaje basi tunapoandika kuhusu masoko ya Waafrika wenzetu tunayaacha maneno hayo kabatini na kuchukua neno moja tu, ujima?

Neno hili lilivyotufikia

Ujima wenyewe ni neno zuri. Katika matumizi ya kawaida hurejelea watu wanaokusanyika kufanya kazi kwa pamoja na kwa zamu, kama vile kulimiana mashamba au kujengeana nyumba. Utaratibu huo ulikuwapo na ungalipo katika jamii nyingi. Tatizo lilianza pale neno hili lilipochukuliwa na wahakiki wa mkondo wa Kimaarx na kupewa kazi nyingine, yaani kuwa jina la hatua ya kwanza katika ngazi ya historia: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari, na hatimaye ujamaa. Ngazi hii ilitungwa kwa kuitazama zaidi historia ya Ulaya. Ilipoletwa kwetu, kila kilichotangulia ukoloni kilirundikwa kwenye kidato cha chini kabisa, Timbuktu na kijiji cha wavuvi pamoja.

Haifai kuwalaumu wahakiki hao bila kuwatendea haki. Walitaka kutuonyesha kwamba fasihi haielei hewani, bali ina mizizi katika uzalishaji mali. Hilo ni funzo kubwa. Lakini hata miongoni mwa Wamaarx wenyewe wapo walioona mapema kwamba ngazi hiyo haiikai Afrika. Mwanahistoria Mfaransa Catherine Coquery-Vidrovitch alipendekeza mwaka wa 1969 kwamba baadhi ya dola za Kiafrika zielezwe kwa mfumo wa uzalishaji wa aina yake, ambamo biashara ya masafa marefu ilikuwa nguzo. Mnamo 1973, A. G. Hopkins alichapisha historia ya kiuchumi ya Afrika Magharibi iliyoivunjavunja dhana ya kwamba watu wa huko walikuwa wakulima wa kujikimu tu wasiojua soko. Zaidi ya miaka 50 imepita. Wanahistoria wamekwisha kuhama. Sisi wa fasihi tungali tunalinda nyumba waliyoihama.

Mji uliotangulia misafara

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kuhusu biashara ya kuvuka Sahara. Picha tuliyobaki nayo ni ya ngamia, chumvi na dhahabu, na ya Mwarabu anayefika kutoka kaskazini akiwa ameleta biashara mgongoni mwa mnyama wake. Picha hii inahitaji kurekebishwa.

Katika nchi ya Mali ya leo, pale Mto Niger unapotawanyika na kufanya mabonde ya majimaji, lipo gofu la mji unaoitwa Jenne-Jeno. Wanaakiolojia Susan na Roderick McIntosh walianza kuufukua mwaka wa 1977. Walibaini kwamba watu walikuwa wamekaa hapo tangu takriban mwaka wa 250 K.K., na kwamba ulikuwa umekua kuwa mji mkubwa karne kadhaa kabla ya misafara ya wafanyabiashara Waislamu kushamiri. Jambo la kuzingatia ni hili: bonde lile lina rutuba ya mpunga na samaki tele, lakini halina mawe wala madini. Hata hivyo, wakazi wa Jenne-Jeno walikuwa na vyombo vya chuma, mawe ya kusagia na, baadaye, shaba. Vyote hivyo vililetwa kutoka mbali, bila shaka kwa kulipiwa kwa mazao ya bonde. Mkulima wa mpunga, mvuvi, mpiga kasia na mhunzi walitegemeana, na kutokana na kutegemeana huko mji ukazaliwa. Msafara wa jangwani ulipofika, ulikuta wenyeji wenye soko lao.

Tukija kwenye maandishi, mwanajiografia al-Bakri, aliyeandika mwaka wa 1068 akiwa Andalusia, anatueleza kwamba mfalme wa Ghana ya kale alitoza ushuru wa dinari 1 ya dhahabu kwa kila punda aliyeingia nchini na shehena ya chumvi, na dinari 2 kwa kila shehena iliyotoka. Ushuru wa namna hii hauwezi kutozwa bila watu wa kuhesabu mizigo na kipimo kinachokubalika. Huo ni utawala wa forodha, miaka zaidi ya 800 kabla ya mkutano wa Berlin.

Shahidi mwingine tunamfahamu vyema, kwa kuwa alipita kwetu pia. Ibn Batuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331, na miaka 21 baadaye, mnamo 1352, akavuka Sahara kuelekea Mali. Alipitia Taghaza, mahali ambapo nyumba na msikiti vilijengwa kwa mapande ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia. Anatuachia bei: mzigo wa chumvi uliuzwa kwa mithkali 8 hadi 10 mjini Walata, na kwa mithkali 20 hadi 30, pengine hata 40, katika mji mkuu wa Mali. Bei inayopanda kwa kadiri ya safari, na inayojulikana kiasi cha mgeni kuinukuu, ni bei ya soko. Msafiri huyo huyo anaeleza kwamba huko Mali na Gao kauri zilitumika kama fedha, na kwamba 1,150 zilikuwa sawa na dinari 1 ya dhahabu. Yaani palikuwa na kiwango cha kubadilishia fedha moja kwa nyingine. Hayo ndiyo tunayoyaita kubadilishana bidhaa kwa bidhaa?

Mafundi, madalali na akina mama wa sokoni

Tuyaache majangwa tuingie mjini Kano, kaskazini mwa Nigeria ya leo. Kano ilisifika kwa nguo zilizotiwa rangi ya nili. Ili nguo moja ipatikane alihitajika mkulima wa pamba, mwanamke wa kusokota nyuzi, mfumi, mtia rangi mwenye mashimo yake, mtu wa kuipigapiga nguo mpaka ing'are, na mshoni. Kila mmoja alikuwa na kazi yake na ujira wake. Msafiri Mjerumani Heinrich Barth alipofika huko mwaka wa 1851 alikadiria kwamba nguo zilizouzwa nje ya Kano zilikuwa na thamani ya angalau kauri milioni 300 kwa mwaka, na kwamba zilifika Timbuktu upande wa magharibi na Tripoli upande wa kaskazini. Alikadiria pia kuwa familia nzima iliweza kuishi vizuri mjini humo kwa kauri 50,000 hadi 60,000 kwa mwaka. Ukigawanya utaona kwamba nguo za kuuzwa nje peke yake zilitosha kulisha na kuvisha familia zipatazo 5,000.

Wafanyabiashara Wahausa walifuata kokwa za kola hadi mpakani mwa misitu ya Asante, katika masoko kama Salaga. Kola ni bidhaa ya kuhangaisha. Ikikauka hunyauka na kupoteza thamani, kwa hiyo ilifungwa kwa majani na kulowekwa maji njia nzima, safari ya miezi. Mfanyabiashara aliyefika ugenini na mzigo wa namna hiyo alimhitaji mtu wa kumpokea. Mtu huyo kwa Kihausa huitwa mai gida, yaani mwenye nyumba. Alimpa mgeni malazi, akamhifadhia bidhaa, akamtafutia wanunuzi, na akawa mdhamini pale mali ilipotolewa kwa mkopo. Mswahili wa pwani asingehitaji mkalimani kuielewa kazi hiyo, maana naye alikuwa na mwenyeji wake katika kila bandari. Tena sokoni Kano alikuwapo dillali, ambaye ni dalali wetu huyu huyu, kwa jina lile lile tulilolipata sote kutoka Kiarabu. Lugha mbili zilizo mbali hivi hazikopi neno moja la udalali pasipokuwa na udalali.

Upande wa Waasante, dhahabu ya vumbi ndiyo iliyokuwa fedha, na ilipimwa kwa mizani. Mawe ya mizani hiyo yalikuwa ya shaba, yakisubiwa kwa ufundi wa kuyeyusha nta, na mengi yalitengenezwa kwa sura za wanyama, watu na vifaa vinavyorejelea methali. Jambo hili linatuhusu sisi wa fasihi moja kwa moja. Tunapofundisha methali kama utanzu wa fasihi simulizi, huzihusisha na wazee, usiku na moto. Muasante alikuwa nazo kwenye kifuko cha mizani, akizitumia kupimia dhahabu.

Kwa Waigbo, kalenda yenyewe ni ya soko. Wiki ina siku nne, Eke, Orie, Afo na Nkwo, na masoko hupewa majina ya siku hizo. Vijiji jirani vilipanga masoko yao kwa zamu ili mchuuzi aweze kuyazunguka. Kwa Wayoruba, wanawake ndio walioshika sehemu kubwa ya biashara ya sokoni, na wengine wao walisafiri mji hadi mji. Watu waliweka akiba kwa utaratibu wa esusu, ambapo kila mwanachama huchanga kiasi sawa na mmoja huchukua zote kwa zamu. Msomaji aliye na mama au shangazi katika chama cha akina mama hahitaji maelezo zaidi. Aliyekosa fedha aliweza kuweka rehani kazi yake mwenyewe au ya mtoto wake kwa mkopeshaji, na kazi hiyo ikahesabiwa kuwa riba mpaka deni lilipwe. Mtu wa namna hiyo aliitwa iwofa.

Ni kweli kwamba pia palikuwa na ubadilishanaji wa bidhaa kwa bidhaa. Mfulani alimpa mkulima maziwa na kupata mtama, na ng'ombe wake walilazwa shambani baada ya mavuno ili waache samadi. Lakini ubadilishanaji huo ulikuwa chaguo miongoni mwa machaguo, kama vile hata leo jirani hukupa sukuma wiki ukampa mayai bila mmoja wenu kuwa hajui shilingi.

Kuisoma upya Umuofia

Tukiwa na maarifa hayo, turejee katika riwaya ya Achebe. Okonkwo hakurithi ghala wala mbegu. Anaanza maisha kwa kumwendea tajiri Nwakibie, ambaye anampa viazi vikuu 800 vya kupanda kwa makubaliano ya kugawana mavuno, Okonkwo akibaki na theluthi moja tu. Mhakiki wa "ujima" hupita hapa haraka, au huitaja sehemu hii kama mfano wa jamii kusaidiana. Msaada gani unaomrudishia mtoaji theluthi mbili? Huu ni mkataba kati ya mwenye mtaji na mwenye nguvu. Ardhi ilipatikana, kilichoadimika ni mbegu, na aliyekuwa nazo aliweka masharti. Bila kuuelewa mkataba huo, hatuwezi kuuelewa woga wa Okonkwo wa kufanana na babake. Woga wake una sura ya deni.

Vivyo hivyo na mazungumzo ya mahari ya Akueke, binti ya Obierika. Wazee wanapeana vijiti bila kutaja bei kwa mdomo. Vinapunguzwa, vinaongezwa, mpaka wanaafikiana kwenye mifuko 20 ya kauri. Tunaweza kuichambua sehemu hii kama utamaduni, na ni utamaduni kweli. Ila pia ni mapatano ya bei yanayofanywa na watu waliozoea kupatana bei, na ambao wamebuni adabu ya kuyasitiri mapatano hayo ili binti asionekane kuwa bidhaa. Kejeli na staha zilizomo hupotea msomaji anapokuwa ameaminishwa kwamba wazee hao hawakujua soko.

Historia ya eneo lenyewe inatupa ushahidi. Huko Igbo-Ukwu, katika nchi ya Waigbo, mtu aliyekuwa akichimba tangi la maji miaka ya 1930 alikuta vyombo vya shaba vya ajabu. Thurstan Shaw alipafukua mahali hapo kuanzia 1959 na kupata, pamoja na vyombo zaidi, shanga zinazozidi 100,000. Vitu hivyo hukadiriwa kuwa vya karne ya 9 B.K., na nyingi za shanga hizo zilitoka mbali mno na misitu ya Waigbo. Wahunzi wa Awka walisafiri kutoka mji hadi mji wakiuza ufundi wao, na wafanyabiashara wa Arochukwu walikuwa na mtandao uliotanda eneo zima. Kwa hiyo duka la Mzungu linapofunguliwa Umuofia na mawese kupanda bei, haifai kufundisha kwamba hapo ndipo biashara ilipoanza. Kule delta ya Niger, Mfalme Jaja wa Opobo alikuwa ameijenga dola yake tangu 1869 kwa kuuza mawese, na mwaka wa 1887 Waingereza walimkamata na kumhamisha kwa sababu aliwazuia wafanyabiashara wao wasiende bara kununua moja kwa moja. Aliyeisimamia kazi hiyo alikuwa Harry Johnston, ambaye baadaye, mwaka wa 1900, alitia sahihi mkataba wa Buganda. Asiyejua biashara haondolewi njiani kwa manowari.

Kauri zilizotoka kwetu

Hapa pana jambo linalotugusa kwa karibu zaidi. Kauri za Afrika Magharibi, ambazo wengine wetu huziita simbi, zilitoka Bahari ya Hindi, na kwa karne nyingi chimbuko lake lilikuwa visiwa vya Maldives. Uadimu wake na umbali wake ndio ulioipa fedha hiyo uthabiti. Kuanzia miaka ya 1840, kampuni za Hamburg ziligundua kwamba pwani ya Afrika Mashariki ina kauri za aina nyingine, kubwa kidogo na za bei rahisi mno. Zikaokotwa kwenye fukwe zetu, zikapakiwa Zanzibar, zikazungushwa kusini mwa bara hadi Lagos na bandari jirani, na huko zikanunua mawese. Merikebu baada ya merikebu ilimwaga kauri, na thamani yake ikaporomoka. Bibi aliyekuwa ameweka akiba ya mifuko ya kauri chini ya kitanda aliamka akiwa maskini bila ya kuibiwa hata kauri moja.

Serikali za kikoloni zilipokuja na sarafu zao zilikamilisha kazi hiyo. Kusini mashariki mwa Nigeria, ambako bangili za shaba ziitwazo manila zilitumika kama fedha, serikali ilinunua na kuondoa zaidi ya milioni 30 kati ya 1948 na 1949, kisha ikazipiga marufuku sokoni. Leo jina la fedha ya Ghana, sedi, limetokana na neno la Kiakan la kauri. Ndiyo kumbukumbu iliyobaki.

Sasa tuulize: hasara hii tutaielezaje kwa msamiati wa ujima? Watu wa ujima hawana fedha, kwa hiyo fedha yao haiwezi kushuka thamani. Hawana akiba, kwa hiyo akiba yao haiwezi kuyeyuka. Hawana biashara, kwa hiyo haiwezi kunyang'anywa. Neno tunalolitumia kwa nia ya kumtetea Mwafrika linamfutia mkoloni mashtaka. Hili ndilo linalonifanya niamini kwamba mjadala huu si wa istilahi pekee.

Pingamizi zinazostahili kujibiwa

Wapo watakaosema kwamba ninawapamba Waafrika wa kale kwa mavazi ya ubepari, kana kwamba heshima ya mtu ni kuwa mfanyabiashara. Pingamizi hili lina uzito. Ardhi katika jamii nyingi za Afrika Magharibi haikuuzwa ovyo. Ilikuwa chini ya ukoo, na kazi nyingi zilifanywa na jamaa. Mambo hayo ni ya kweli na yana thamani. Lakini kuwa na ardhi ya ukoo hakuzuii kuwa na soko la nguo, chumvi na mikopo. Jamii moja yaweza kuwa na vyote viwili, na kazi ya mhakiki ni kuonyesha vinavyokaa pamoja na vinavyogombana.

Wengine watasema kwamba kusifu biashara hiyo ni kusahau kwamba binadamu nao waliuzwa. Kwa hakika waliuzwa. Chumvi ya Taghaza ilichimbwa na watumwa, na Ibn Batuta anasema hivyo bila kificho. Mtandao wa Arochukwu ulisafirisha watu hadi pwani. Efunroye Tinubu, mfanyabiashara mashuhuri wa Lagos na Abeokuta aliyefariki 1887, alifanya biashara ya watumwa kabla ya kujulikana kwa mawese. Efunsetan Aniwura wa Ibadan, aliyefariki 1874 na ambaye Akinwunmi Isola alimtungia tamthilia kwa Kiyoruba, alikuwa na mashamba yaliyolimwa na watumwa wengi. Lakini ni nani basi anayeyaficha haya? Anayesema kwamba palikuwa na soko hulazimika kuuliza nini kiliuzwa na nani alifaidi. Anayesema palikuwa na ujima hahitaji kuuliza, kwa kuwa neno lake limekwisha kumhakikishia kwamba watu wote walikuwa sawa. Wanaoufanya wakati uliopita uonekane paradiso ni wale wa ujima.

Tufanye nini?

Sipendekezi kwamba neno ujima lifutwe katika kamusi. Libaki na maana yake ya kufanya kazi kwa pamoja, na litumike pale kazi hiyo inapoonekana katika matini. Ninachopendekeza ni kwamba kabla hatujaandika katika tasnifu kuwa jamii fulani ilikuwa ya ujima, tujibu kwanza maswali matatu kutokana na matini na historia: nani alimkopesha nani, nani alimfanyia nani kazi, na kwa malipo gani? Majibu yakipatikana, mara nyingi neno lenyewe litajiondoa.

Pili, tuyarudishe maneno yetu kazini. Mzigo unaotolewa ulipiwe ukishauzwa ni mali kauli. Mtoto wa iwofa yuko katika rehani. Mai gida ni mwenyeji na mdhamini. Nwakibie ni mwenye mtaji. Ghana ya kale ilitoza ushuru. Msamiati huu hauhitaji kamati ya kuuunda. Uko midomoni mwa wazee wa Mombasa, Lamu na Pate, nao hawatudumu milele. Wanachama wa chama chetu wanaotoka pwani wangefanya kazi ya maana kama wangeukusanya pamoja na maana zake kamili, ili mhakiki na mfasiri wa kazi za Afrika Magharibi wapate pa kuchota.

Tatu, wale wetu ambao kesho tutasimama mbele ya wanafunzi wa shule za upili tuwe waangalifu. Kijana aliyeambiwa kwamba babu na bibi zake hawakujua hesabu ya faida na hasara atauamini uwezo wake mwenyewe kwa shaka, na ataipokea kila taasisi ya nje kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Ukweli unatosha kumponya. Aelezwe kuhusu mji wa mpunga usio na chuma uliojaa vyombo vya chuma, mawe ya mizani yenye sura za methali, na ukuta wa Unoka wenye madeni yaliyoandikwa yasilipwe. Kisha aachwe aamue mwenyewe jamii hizo ziitwe nini.